Siku Mbili Nilizokuwa na Farasi

Mama alinipa vitu vya baba ndani ya mfuko wa unga, wiki mbili baada ya kumzika. Baba hakuwa mtu wa vitu. Kulikuwa na koti, kitambulisho, simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, iliyoisha chaji, na brashi ya farasi ya mbao, nywele zake zimelika upande mmoja. Niliinusa ile brashi kabla hata sijafikiri. Jasho la farasi likishaingia kwenye mbao halitoki. Ni harufu ya chumvi na nyasi kavu, na kitu kitamu kidogo kama molasi. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni nikalia, mimi ambaye mazishini nilikauka hadi watu wakanong'onezana kwamba huyu msichana ana roho ngumu. Kweli ninayo. Mimi ni mtu wa kuweka kinyongo, na nakubali mapema ili nisionekane najipendelea katika haya ninayosimulia.

Baba alikuwa saisi, mtu wa kutunza farasi. Kwetu Machakos hakuna aliyewahi kuielewa kazi hiyo. Wajomba walimuuliza kila Krismasi, "Sasa huyo mnyama halimi, hakamwi, haliwi, mnamlisha wa nini?" na baba akawa anacheka tu. Kwa sababu ya farasi tuliishi Kitengela, kwenye shamba la memsahibu mmoja mzee, siku zile ambapo Kitengela yenyewe ilikuwa mstari mmoja wa maduka na vumbi, na ukitoka choo cha nje asubuhi ungeweza kukuta nyumbu anakukodolea macho. Memsahibu alikuwa na farasi wanne. Halafu akazeeka zaidi, akaamua kurudi kwao, shamba likaanza kukatwa ploti, na farasi watatu wakapata wenyewe wapya. Akabaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa na jina refu la kizungu ambalo hakuna mtu pale kwetu aliyeliweza. Baba alimwita Mutua, jina la ndugu yake mkubwa, eti kwa sababu wote wawili walikuwa na meno makubwa na hawakupenda kuamshwa. Mama hakufurahia hata kidogo. "Shemeji yangu akisikia, utamwambia nini?" Mutua alikuwa rangi ya majivu, na doa jeusi puani, mpole hadi kuku walikuwa wakitaga kwenye hori lake. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: aliogopa juala. Wa rika langu mnazikumbuka, zile karatasi nyembamba za nailoni za kubebea nyanya na sukari. Kitengela upepo haupumziki, na kila ua wa waya na kila mti wa miiba ulikuwa umevaa juala, nyeusi, za buluu, za milia. Siku moja iliruka moja mbele ya Mutua, akasimama kwa miguu ya nyuma, na mpwa wa memsahibu aliyekuwa juu yake akaanguka akavunjika mkono. Baada ya hapo hakuna mnunuzi aliyemwangalia mara mbili.

Ijumaa moja, mwisho wa kiangazi, memsahibu alimwita baba verandani. Baba aliporudi alisimama mlangoni bila kuvua kofia. Akamwambia mama kwamba kuna watu watakuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, kutoka upande wa Kona Baridi. Wanatafuta farasi wa mtoto. Wasipomtaka Mutua, Jumatatu atakuja daktari wa mifugo.

Nilikuwa nachambua mchele. Nilisikia kila neno, na kila neno nikalielewa vibaya. Daktari wa mifugo nilimjua. Ndiye aliyewapa ng'ombe wa jirani dawa ya minyoo, na mfukoni hakukosa peremende. Kwa hiyo Jumatatu ilikuwa habari njema. Na farasi wa mtoto? Mtoto aliyekuwa pale alikuwa nani kama si mimi? Mama ndiye aliyeelewa palepale. Farasi anayeangusha watu hauzwi, hapewi mtu bure, na huwezi kumfungulia akajitafutie huko mbugani simba walipo. Daktari angekuja na sindano moja tu, ya kumlaza Mutua asiamke.

Baba akaniangalia. "Mwende, unaogopa farasi?"

"Mimi? Siogopi."

"Kesho utapanda Mutua."

Mama akaweka mwiko chini. "Nani apande? Huyu? Juu ya yule aliyevunja mtu mkono?"

"Hao watu watataka kuona mtoto juu yake, na mimi niko na mtoto mmoja."

"Ndiyo," mama akasema. "Uko na mmoja. Hesabu tena."

Mimi nilienda kulala nikiwa na furaha ya kupasuka, nikidhani wazazi wangu wamegombana juu ya zawadi yangu.

Jumamosi asubuhi baba hakunipandisha. Alikuwa na utaratibu wake na hakuna aliyeweza kumharakisha. Kwanza alimfunga Mutua kamba ndefu, akasimama katikati ya uwanja akawa anamzungusha, kulia, kisha kushoto, huku akimwongelesha Kikamba kana kwamba wanapeana habari za nyumbani. Kisha akamwekea tandiko. Kisha akafunga gunia la pumba juu ya tandiko, akamzungusha tena. Halafu akanisimamisha mimi kwenye mizani ya kupimia majani, akaangalia, akaenda kujaza mchanga kwenye gunia lingine mpaka likawa na uzito wangu barabara. Nililiona hilo gunia likipanda farasi wangu kabla yangu nikalionea wivu.

Saa hiyo ndipo alipofika Mama Simaloi na kibuyu chake cha maziwa. Alikuwa jirani yetu Mmaasai, mama mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto.

"Paker, takwenya!" akaniita kutoka getini.

"Iko, Paker!" nikajibu, nikakimbia kumpa kichwa anibariki kwa mkono, kama watoto wa huko wanavyosalimia wakubwa.

Mwaka uliotangulia nilimpata mbuzi wake aliyepotea, naye akanishukuru kwa mwanakondoo. Na kwa Wamaasai, mtu akikupa mnyama, majina yenu ya kawaida yanakufa kati yenu wawili. Mnaanza kuitana kwa mnyama huyo, mtoaji na mpokeaji, mpaka mwisho wa maisha. Waliopeana ng'ombe ni Pakiteng. Sisi tulipeana kondoo, kwa hiyo mimi nilikuwa Paker wake na yeye Paker wangu, na nililipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Sisi Wakamba hatukuwa na kitu kama hicho. Nilikuwa mtoto wa Machakos aliyekulia Kajiado, na sheria za pale ndizo nilizozijua kuwa sheria.

Mama Simaloi akaliangalia gunia lililokuwa likizunguka uwanja. "Baba Mwende, ni nini hii? Unapeleka mchanga kutembea?"

Baba akamweleza. Alimweleza yote, hata habari ya daktari, lakini kando, kwa sauti ya chini. Nilimwona Mama Simaloi akinitupia jicho, akashusha kibuyu, akafunga shuka kiunoni. "Haya. Juala ziko wapi?"

Zilikuwa kila mahali. Tuliziokota kwenye ua na kwenye miiba, mimi na yeye, tukajaza karai. Tulizifunga kwenye fito, tukazining'iniza kwenye waya kuzunguka uwanja wote, upepo ukazijaza zikawa zinapiga kelele kama mafuta ya kukaangia. Mutua alipoziona aligeuka mwendawazimu. Macho yakawa meupe. Alirusha lile gunia mara mbili, na mara ya tatu likapasuka mchanga wote ukamwagika. Baba aliuzoa kwa mikono, akashona gunia, akaanza upya.

Saa nne mama alitoka nyumbani. Tangu asubuhi alikuwa ndani akifagia mahali palipofagiwa. Akamnyang'anya Mama Simaloi ufito wenye juala. "Kama lazima mtoto wangu apande," akamwambia baba, "mimi ndiye nitakayepunga hii. Nataka nijue imepungwa namna gani." Na akapunga. Alipunga kwa hasira zote za ndoa yake, mbele ya pua ya farasi, nyuma yake, chini ya tumbo, mpaka Mutua akachoka kuogopa. Mchana baba akafanya kitu ambacho sijakiona kwa mwingine: alitia pumba na molasi ndani ya juala nyeusi, akaishika wazi, akangoja. Alingoja muda mrefu sana. Mwishowe Mutua akaingiza pua yake yote ndani ya kile kitu kilichomtisha maisha yake yote, na tukasikia anatafuna.

"Leteni mtoto," baba akasema.

Kofia ngumu hatukuwa nayo. Mama alinizungushia kichwa leso mbili zilizokunjwa, akazifunga chini ya kidevu nikafanana na mtu anayeumwa na jino. Vidole vyake vilikuwa baridi. Baba akaniinua. Nakumbuka jinsi nilivyokuwa mrefu ghafla, nikiona paa la nyumba yetu na kutu yake, na joto la Mutua likinipanda mapajani. Tulizunguka mara moja, baba ameshika kamba. Tukazunguka mara ya pili. Juala zilipiga kelele na Mutua akazungusha masikio tu.

"Baba," nikasema, "ni wangu?"

"Kaa wima."

"Mama Simaloi, farasi kwa Kimaasai ni nini?"

"Embarta."

"Basi sisi ni Pambarta! Baba, nikuite Pambarta?"

Mama Simaloi alicheka hadi akashika nguzo. "Pambarta! Uui! Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa kuitwa hivyo. Nani hupeana farasi?" Mama hakucheka. Alikuwa anamwangalia baba, akingoja aseme.

Ninajua leo baba alichokuwa anapima. Alizoea kusema kwamba mtu akiogopa, farasi anajua kupitia makalio kabla ya mtu mwenyewe kujua. Na hapo juu alikuwa amekaa mtoto ambaye hakuogopa chochote, mikono imetulia, kwa sababu aliamini amekalia mali yake. Angesema hapana, ningekakamaa, na Mutua angekakamaa pamoja nami. Baba akaangalia masikio ya farasi. Hakuniangalia mimi.

"Niite," akasema.

Basi nikamwita! Pambarta nipe chumvi, Pambarta angalia, Pambarta kesho tutamwogesha? Kila mara aliitika. Mama alikula akiangalia sahani.

Jumapili mama hakwenda kanisani, yeye ambaye hata akiwa na malaria alikwenda. Asubuhi baba aliniongoza nje ya uwanja, tukashuka kuelekea mtoni sisi watatu, mimi juu, baba kando, na mama nyuma akiwa na ufito wake wenye juala kama askari wa bendera. Vilima vya Ngong vilionekana vizuri siku hiyo. Upepo ulileta vumbi la saruji kutoka Athi River, baba akapiga chafya, Mutua naye akapiga chafya, na mama akacheka bila kutaka. Hapo kwenye mteremko baba alifungua kamba. Sikujua kuwa ameifungua hadi nilipoona anatembea mikono mitupu. Nilimgeuza Mutua kushoto kwa mkono wangu mwenyewe na akageuka. Nimeolewa, nimezaa, nimepandishwa cheo kazini, na bado asubuhi hiyo hakuna iliyoishinda.

Wageni walikuja saa nane, na lori dogo lenye kizimba nyuma. Walikuwa mwanamume na binti yake, msichana wa umri wangu, amevaa kofia ngumu nyeusi na viatu virefu vinavyong'aa. Nilidhani wamekuja kuangalia. Nilijionyesha, nisidanganye. Nilimtembeza Mutua, nikamkimbiza kidogo, nikamsimamisha, nikampitisha karibu kabisa na ua wenye juala. Nilitaka yule msichana aone jinsi farasi wangu alivyo. Nilipomaliza nikamsimamisha mbele yao, na yule mgeni akampapasa Mutua shingo, akamwambia binti yake, "Haya, panda na wewe."

"Hapana," nikasema. "Huyu ni wangu."

Mgeni akacheka kwa upole. Akamwangalia baba.

"Baba, mwambie. Pambarta, mwambie!"

Baba aliangalia chini. "Mwende, teremka."

Nikaliangalia lori, nikaona kizimba na nyasi mpya zilizotandazwa ndani, na yote yakanijia kwa pamoja. Sikuteremka. Nilimkumbatia Mutua shingo kwa mikono miwili nikapiga yowe ambalo lilimtoa memsahibu ndani ya nyumba. Nililia, nikapiga teke, nikamwita baba mwongo mbele ya tajiri wake. Na katikati ya hayo upepo ukaing'oa juala moja kubwa ya buluu kwenye ua, ikaja ikabingirika, ikamnasa Mutua mguu wa mbele na kumpiga piga kwenye goti. Nilisikia mwili wake wote ukitetemeka chini yangu. Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tena. Baba hakusogea, alisema tu neno moja la Kikamba, polepole: "Ũngama." Simama.

Mutua akasimama. Mtoto anapiga kelele mgongoni, juala inampiga gotini, na yeye akasimama pale kama ng'ombe anayekamwa.

"Huyu ndiye," mgeni akasema. "Tunamchukua."

Kwa hiyo ni mimi niliyemuuza. Ningeteremka kwa adabu nilipoambiwa, huenda wangesema watafikiria, kama watu wanavyosema. Kilio changu ndicho kilichowaridhisha.

Mama ndiye aliyenishusha, kidole kimoja kimoja. Lori lilipotoka getini, Mama Simaloi alikuwa amesimama barabarani na maziwa ya jioni. Alielewa bila kuambiwa. Akamwendea baba, na sauti yake ile ya mbuzi ikawa ndogo. "Baba Mwende, jana sikujua mtoto hajaambiwa kwamba mnyama anauzwa. Umempa jina na mnyama huna. Kwetu hiyo haifanywi. Sasa utamwita nani?"

Baba akapokea maziwa, akayapeleka jikoni. Kesho yake asubuhi alijaribu. "Pambarta," akaniambia, akiwa ameshika ndoo, "njoo tuchote maji." Nikamwambia, "Mimi naitwa Mwende." Akatikisa kichwa, akaenda peke yake. Hakulisema tena, na mimi sikulisema tena. Nilimwita Baba, kwa heshima zote, miaka yote, na kila mara nilijua ninachokificha. Nadhani na yeye alijua.

Nilikuwa kidato cha tatu mama aliponieleza daktari wa Jumatatu alikuwa anakuja kufanya nini. Mtu angedhani kinyongo kingeisha. Kiligeuka tu. Hapo awali nilimlaumu kwa kuniuzia farasi wangu. Sasa nikamlaumu kwa kuniweka juu ya mnyama wa kunivunja shingo, ili mnyama apone. Niko na binti sasa, wa umri uleule. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kumpandisha. Siwezi. Lakini pia najua kwamba yule ndiye baba aliyeshona gunia la mchanga akaanza upya, akapima uzito wangu kwa mizani, akatembea na mkono wake hatua moja kutoka mguu wangu siku mbili nzima. Nilitaka siku moja tukae chini niyaseme yote mawili. Niliahirisha na kuahirisha, halafu nikapigiwa simu na mama.

Nilipomaliza kulia pale kwenye ngazi, nikaweka simu ya baba kwenye chaji. Mama alitaka kujua kama laini bado inafanya kazi, kwa sababu kuna watu wa Machakos ambao bado hawajaambiwa. Ilipowaka nikachukua simu yangu nikapiga namba yake, kujaribu tu. Ikaanza kuita mezani, ikitetemeka kando ya ile brashi. Kwenye kioo chake kidogo chenye ufa, mahali panapotokea jina la anayepiga, palikuwa na herufi kubwa: PAMBARTA.

Mama alikuwa nyuma yangu. "Nilimwandikia mimi," akasema, "siku ile ulimletea hiyo simu. Alinitajia jina polepole mpaka nikamaliza, na wewe unamjua, kusoma kulikuwa kunamsumbua. Nikamuuliza kwa nini nisiandike Mwende. Akasema kila mtu anakuita Mwende."

Simu ikaendelea kuita. Sikuikata.